Sabuni ya kunyolea: kijiti kwanza, kopo baadaye

Ununue sabuni gani ya kunyolea? Jibu nalitoa mapema: kama unajinyoa mwenyewe nyumbani kwa wembe, nunua sabuni ya kijiti na brashi. Anayemaliza kazi kwa mashine ya kinyozi hahitaji povu la aina yoyote, huyu pesa zake azinunulie mafuta ya kujipaka. Waliobaki, huu ndio mpangilio wangu, kutoka la kwanza hadi la mwisho.

1. Kijiti

Ni sabuni ngumu, nene kushinda kidole gumba, iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa au kutiwa kwenye kikasha cha kusukuma. Arko ya Uturuki, ya gramu 75, ndiyo inayojulikana zaidi katika zile za bei nafuu. Harufu yake ni kali ya limau na sabuni ya kale. Wengine huipenda, wengine huwakumbusha choo cha hoteli. Kijiti kimoja hukaa miezi, hata kwa mtu anayenyoa mara tatu kwa wiki.

Kibakuli hakihitajiki. Osha uso, acha ndevu zilowe dakika mbili, kisha sugua kijiti usoni ukipanda kinyume na zinavyoota. Ndevu za siku mbili tatu hukikwaruza kama mbuzi inavyokuna nazi, na sabuni hubaki pale pale kwenye mashina. Chovya brashi, ikung'ute, zungusha usoni dakika moja au mbili ukiongeza maji tone kwa tone. Povu likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, maji yamezidi: rudisha kijiti kidogo. Likikauka ukingoni na kuvuta ngozi, maji ni machache. Linalotakiwa ni zito, jeupe, linalong'aa kidogo kama limepakwa mafuta.

Kazi yote hii humalizika kwa kikombe kimoja cha maji. Mtu wa Umoja au Pipeline, mitaa ya Nairobi, anayechota kwenye mtungi siku za mgao hahitaji kuelezwa faida yake. Wa Syokimau na Kitengela, ambako maji ya kisima mara nyingi yana chumvi na povu linakataa kuumuka, atumie kikombe cha maji ya kunywa. Na asubuhi za Julai, mimina ya moto kutoka kwenye thamosi. Baridi ile hufanya ndevu kuwa ngumu kama waya.

Kasoro zipo. Ukinyoa kila siku, vijinywele huwa vifupi mno kukwaruza sabuni ya kutosha, kwa hiyo sugua mara mbili. Mwenye vipele vibichi ataumia kusugua juu yake. Na kijiti ni cha mtu mmoja tu, kama mswaki: kinagusa ngozi yenye mikwaruzo. Kinyozi akikupitishia kilichotoka kwa mteja wa kabla yako, inuka kitini.

Baada ya kutumia, kisimamishe wazi kikauke. Ukikifungia kikiwa na maji, kesho utakuta uji. Kikibaki kipande kisichoshikika, kikande ndani ya kikombe kidogo, umepata sabuni ya kibakuli bure.

2. Krimu ya tyubu

Kwa mwenye brashi na haraka, hii inakaribia sana. Hulainika upesi kuliko kijiti na haisugui vipele. Tatizo ni mkono: wengi hubana kipande cha urefu wa kidole wakati kiasi cha punje ya njugu kinatosha, na tyubu inaisha upesi.

3. Sabuni ya kibakuli

Povu ni lile lile la kijiti, ila vyombo ni vingi na muda ni mrefu zaidi. Kwa Jumapili isiyo na haraka.

4. Jeli isiyotoa povu

Naiweka hapa kwa sababu moja: unaona ngozi kupitia ndani yake. Kama unabakiza ndevu na unataka kuchora laini ya shavu iliyonyooka, povu jeupe linakuficha mahali pa kukata.

5. Povu la kopo

Ndilo lililojaa rafu za supamaketi, na nakiri ni rahisi: bonyeza, paka, nyoa. Lakini sehemu kubwa ya unachoona mkononi ni hewa na gesi, na halijafanya kazi yoyote kwenye unywele. Kopo lina gesi inayowaka, usiliache kwenye gari lililoanikwa juani. Anayesafiri kwa ndege na mzigo wa mkononi tu ataulizwa maswali juu yake; kijiti ni kigumu, hakihesabiwi kama kimiminika.

6. Sabuni ya kuogea

Povu lake hufa kabla hujamaliza shavu la pili, na ngozi inabaki kavu. Sabuni ya kunyolea hutengenezwa zaidi kwa potasiamu na asidi ya steariki ili povu lidumu. Ya kuogea ni ya sodiamu. Mche wa kufulia hata usiufikirie.

Kwa wenye ndevu za kujikunja, yaani wengi wetu: hakuna sabuni itakayoondoa vipele peke yake. Tumia wembe mmoja badala ya ule wenye nyembe tano, fuata zinavyoota, usivute ngozi, na usirudie palipokwisha kusafishika.

Dukani, soma karatasi. Neno linaloanza na "tallow" ni mafuta ya wanyama, na mara nyingi halisemi mnyama gani. Ukijali halali, chagua chenye mafuta ya mimea. Brashi nazo, zile za nywele ngumu za bei ya chini huweza kuwa za nguruwe. Ya nailoni inakauka haraka na haina utata huo. Vijiti visipopatikana supamaketi ya mtaani, zunguka maduka ya vipodozi ya Eastleigh au River Road, uliza bei maduka matatu kabla ya kutoa pesa.