Maua ya mwembe yanapopukutika: ubwiri unga au chule?

Mwembe wa uani umechanua vizuri, kisha maua yanageuka meusi na kudondoka. Usikimbilie duka la pembejeo. Vunja shada moja la maua, ulitazame kwenye mwanga.

Ukiona vumbi jeupe kama unga wa ngano juu ya maua na majani machanga, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Wakulima wa korosho wa Mtwara wanalijua jina hilo vizuri mno. Hupenda hali ya hewa kavu yenye ubaridi wa usiku, na tiba yake ni salfa, inayopigwa mapema, mashada yanapoanza kutokeza. Ipige asubuhi, maana jua kali likiikuta huunguza majani.

Chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, haina unga. Huacha madoa meusi kwenye vikonyo na majani, na huja na mvua na unyevu. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hujificha: embe changa huambukizwa, hukua likionekana zima, kisha madoa hutokeza linapoiva ndani ya kapu. Hapa salfa haisaidii sana. Tumia dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) kabla maua hayajafunguka. Lakini kwanza shika msumeno. Kata matawi makavu, punguza yaliyosongamana katikati ili upepo upite, okota maembe yaliyooza chini, uyafukie mbali.

Mwembe mkubwa usiofikiwa na bomba la kupulizia? Kwa chule, kupogoa kutakufaa kuliko dawa.