Mseto wa pojo Mji wa Kale: nyota 4 na nusu

Jumamosi nimekula kwa mama mmoja anapika vichochoro vya nyuma ya Fort Jesus, Mombasa, meza nne tu, hana hata bango. Nikaagiza mseto wa pojo na mchuzi wa papa, sahani shilingi 250. Jamani! Kwa wasiojua, mseto ni mchele na pojo, bara wasema ndengu na Tanzania choroko, vyapikwa pamoja kwa tui la nazi halafu vyasongwa na mwiko mpaka vishikane, na wa huyu mama umeshikana haswa, huwezi chomoa punje ya mchele ukaiweka kando.

Nilikaa na kijana wa chuo akaniuliza, "Mzee, mbona chakula wamekiita kama serikali?" Nkamwambia mwanangu ni kinyume, chakula ndo kilitangulia. Neno latoka kwa kuseta, yani kuponda kitu mpaka kilainike, siasa ikaja ikaliazima. 2008 Kofi Annan alipowapatanisha Kibaki na Raila baada ya uchaguzi uliozozaniwa, wakatia saini 28 Februari wagawane serikali, basi kila redio ikawa ni serikali ya mseto, chama cha PNU cha Kibaki na ODM cha Raila. Mtaani watu wakaiita nusu mkate, na kiukweli mtaani ndo waliona sawa, manake mkate ukikatwa kila mtu aondoka na kipande chake na ndo ilivokua, wizara hizi zenu hizi zetu, rais upande huu waziri mkuu upande ule. Muungano, jina jingine la serikali kama hiyo, nao watoka kwa kuunga, kama mbao mbili, zimeshikana lakini pale zilipounganishwa paonekana. Mseto hauna mshono. Ndo maana nikilisikia hilo neno kwa taarifa ya habari naumia, twawapa watu jina la chakula na hawajaiva pamoja hata siku moja.

Yule kijana alisita kijiko mkononi, akaangalia sahani yake, akaongeza oda ya pili.

Papa alikua safi, ukwaju na chumvi kiasi, hana harufu. Kasoro ni kungoja, nimekaa karibu dakika 40, na achari ya embe ilikua ishaisha. Mseto hapiki kila siku na sufuria ni moja, kwahivo ulizia asubuhi na ufike kabla ya saa saba.