Waliniambia macho yangu ndiyo yaliyohama: uzoefu wangu na karakana ya bunduki

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Karakana ninayoizungumzia ipo Dar es Salaam, ina leseni ya kutengeneza silaha na ina sifa kubwa miongoni mwetu sisi tunaoongoza wageni katika uwindaji wa kitalii. Jina lake sitalitaja. Wanaoijua wataitambua kwa mapokezi yake.

Bunduki yangu ni .375 (ndicho kipenyo cha risasi yake kwa inchi) yenye kitako cha mbao, na kwa miaka mingi niliibeba katika vitalu vya uwindaji vya Longido, kwenye ukavu na vumbi, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kule risasi tatu kwa umbali wa mita 100 zilikuwa zikikaa ndani ya sentimita 3. Nilipohamishiwa kusini, upande wa Kilwa, masika ikanikuta huko, na haikuchukua muda risasi zile zile, kutoka mtutu ule ule, zikaanza kutawanyika kwa upana wa kiganja. Kwa mtu anayesimama na mgeni mbele ya nyati, hilo si jambo la kuahirisha. Nyati aliyepigwa pasipo mahali pake huingia kichakani, na wanaolazimika kumfuata humo ni mimi na mfuatilia nyayo wangu, ambaye ana mke na watoto.

Kabla ya kwenda mjini nilikuwa nimekwisha kuchunguza mengi. Nilisafisha mtutu hadi shaba iliyoganda ndani ikaisha, nikakagua skrubu za darubini, nikatumia risasi za boksi moja. Nikaona jambo ambalo mtu yeyote wa kazi hii angepaswa kulisikiliza: mtutu ukiwa baridi, risasi ya kwanza ilipiga mahali pake, ya pili ikapanda, ya tatu ikapanda zaidi na kuvutika kushoto. Nikiuacha mtutu upoe na kuanza upya, mpangilio ulijirudia vile vile. Mkono uliochoka au jicho lililozeeka halikosei kwa utaratibu. Kisha nikachukua noti ya shilingi elfu kumi nikaipitisha kati ya mtutu na mbao, kuona kama vinagusana. Longido noti hiyo ilikuwa ikiteleza kutoka mbele hadi kwenye chemba, pale risasi inapokaa, bila kukwama popote. Sasa iligoma shubiri moja tu kutoka ncha ya mbao.

Yote hayo nilimweleza mwenye karakana. Hakuniamkia, ingawa ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, na hakufungua hata skrubu moja. Aliinua bunduki, akachungulia darubini akielekea ukutani, akasema hewa ya pwani ni nzito na ndiyo inayosumbua risasi. Nilipomwambia hapana, akaiweka mezani na kusema mbele ya wateja wengine: "Mzee, bunduki haina neno. Macho yako ndiyo yaliyohama." Watu wakacheka.

Hoja ya hewa naijibu hapa, kwa sababu wapo watakaoambiwa hivyo hivyo. Ni kweli kwamba ukishuka kutoka Longido hadi pwani hewa inakuwa nzito zaidi, kwa zaidi ya asilimia 10. Lakini kwa mita 100 tofauti hiyo haishushi risasi hata sentimita moja, na hata ikizishusha, inazishusha zote pamoja. Hewa huhamisha kundi la risasi, haiwezi kulitawanya. Tena unyevu wenyewe, kinyume na wanavyodhani wengi, huifanya hewa iwe nyepesi kidogo. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hana udhuru wa kutolijua hilo.

Hata hivyo niseme haki. Bunduki ilipobaki pale, ilishikwa na fundi kijana anayefanya kazi chumba cha nyuma. Yeye alinipa shikamoo, akaniomba nirudie maelezo tangu mwanzo, akapitisha karatasi kama nilivyopitisha noti, kisha akatenganisha mtutu na mbao mbele yangu. Ndani ya mfereji wa mbao, upande wa kulia, palikuwa na alama nyeusi inayong'aa, urefu wa kidole, mahali chuma kilipokuwa kikisugua. Akafungua na mpira wa nyuma ya kitako: mbao chini yake ilikuwa tupu, haijawahi kuonja vanishi tangu kiwandani, na hapo ndipo nyuzi zilizokatwa hunywa unyevu kwa kasi kubwa. Akasema mbao imevimba kama mlango unaokwama masika, na mtutu unapopata joto unajisukuma dhidi yake.

Aliikausha taratibu kivulini, akapanua mfereji kwa msasa, akalijengea kitanda cha epoksi (gundi inayoganda na kuwa ngumu) lile jino la chuma linalopokea msukumo wa risasi, kisha akapaka vanishi kila mahali ambapo jicho halifiki. Sijapata kuona kazi safi kuliko ile. Noti inapita tena hadi kwenye chemba, na risasi tatu zimerudi kwenye sentimita 3 zake, huku huku Kilwa, katika fukuto lile lile. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuwasifu, na nusu ya sifa hiyo nilikwisha kuiandika.

Kisha nikaisoma risiti. Nimetozwa pete mpya za darubini, yaani zile zinazoishikilia juu ya bunduki, ambazo sikuziagiza wala hazikuhitajika, na gharama yake inazidi malipo ya kazi ya mbao. Mwenye karakana alizibadilisha mwenyewe siku ile ya kwanza, baada ya mimi kuondoka, ili aonekane amegundua kitu. Nilipopiga simu alinijibu kwamba bunduki sasa inapiga vizuri, basi nilalamikie nini? Pete zangu za zamani hadi leo sijazipata, na kauli ya samahani sijaisikia. Nafuta nilichosema kuhusu kuwasifu. Karakana ile msiipelekee silaha zenu. Lakini kijana yule akipata leseni yake na kufungua mahali pake, hata kama ni mwisho wa reli, mimi nitakwenda.