Balbu za Kawaida za Kukuzia Mimea Ndani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Mtu mwenye mrehani, nanaa au miche michache kwenye chumba chenye kiza hana haja ya taa maalumu ya bei mbaya. Mimea hutumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700, takriban ule ule tunaouona sisi, na balbu nyeupe ya nyumbani inautoa. Dukani usiulize wati, soma lumeni. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaoupata.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni balbu ya LED ya lumeni 1,500 au zaidi, ambayo hula wati 13 hadi 15 tu. Chagua iliyoandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,000 hadi 6,500. Ile ya manjano ya kelvini 2,700 haiui mmea, ila ina bluu kidogo, na bluu ndiyo huzuia shina lisirefuke likawa jembamba na legevu. Ukikuta yenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) ya 90 au zaidi, ichukue, kwa sababu nyekundu yake huwa imejaa vizuri. Ifunge kwenye taa ya mezani yenye kofia, maana balbu tupu humwaga mwanga mwingi ukutani.

Ya pili ni tyubu ya LED. Kwa trei ya miche mimi ningeiweka hii mbele ya balbu, kwani mwanga wake huenea sawasawa na miche ya pembeni haiinami kuutafuta.

Balbu za kubana umeme, zile zilizojisokota, bado zinakuza mimea. Kama unazo, zitumie hadi ziishe. Kununua mpya sishauri: zina zebaki, na mwanga wake hufifia kadiri zinavyozeeka.

Balbu za waya, zile za zamani zenye uzi unaowaka ndani, ziache kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake hugeuka joto, kwa hiyo ukiisogeza karibu majani yanaungua, ukiiweka mbali mwanga hautoshi.

Na umbali ndipo wengi wanapoharibu, hata wakiwa na balbu nzuri. Ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hubaki kama robo. Taa ya darini humfaa msomaji lakini mmea unakaa na njaa. Iweke LED sentimita 15 hadi 30 juu ya majani, uipandishe kadiri mmea unavyokua. Iwashe kwa muda wa saa 12 hadi 16 kila siku kisha uzime, kwani mimea mingi huhitaji giza pia. Swichi ya kujizima yenyewe itakuondolea kazi ya kukumbuka.

Kwa nyanya na pilipili unazotaka zizae, balbu moja haitoshi hata ikiwa bora. Hapo panga kadhaa juu ya kila mche, au uupeleke dirishani penye jua.