DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo ndani) ya kwanza: anza na lenzi, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) itafuata (nimezipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia)

Haipiti wiki bila dogo mmoja kunitumia picha ya kamera ipo juu ya kaunta, chini kaandika "kaka vipi hii?" na bei. Lenzi gani hajasema, anataka kupiga nini hajasema, anataka tu ndiyo au hapana huku muuzaji kamsimamia hapo anamkodolea macho. Sasa leo naandika yote kwa mpigo, akija mwingine namrushia hii.

Wengi mnaoniuliza mnataka kupiga watu. Send-off, harusi, kipaimara, bethdei, na dada wa jirani anayetaka picha kali ya kuposti. Yaani watu, na nusu ya muda ni usiku ndani ya ukumbi wenye taa za zambarau. Hapo ndo ile lenzi inayokuja na kamera, 18-55 (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta karibu), inakuumbua, maana ukishazumu mpaka 55 tundu lake linaishia f/5.6, wakati 50mm ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, hiyo ikariri tu. Maana yake pale ambapo 18-55 inakulazimisha upige kwa spidi ya 1/20, ile 50mm inakupa kama 1/200 kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ileile. Kwa 1/20 mtu anayecheza anatoka mzimu.

Mi yalinikuta. Nina Canon 600D yangu na 18-55, shangazi kanipa send-off ya binti yake, bi harusi anaingia na wapambe wanakata mauno, nimepiga kama picha 40 najiona mtaalamu. Nafika nyumbani nafungua kwenye laptop, kila mtu ana mikono minne. Shangazi hakugomba, alisema tu "haya mwanangu, Mungu akusaidie", na hiyo iliuma kuliko angenitukana. Niliuza spika nikanunua 50mm, bodi ni ileile ya 2011 na picha zikaanza kueleweka. Ndo maana nasema ukiwa na hela ya bodi kali tupu, au bodi ya kawaida na lenzi mbili, chukua ya pili, wala usijiulize mara mbili.

Haya, twende kwenye foleni.

Namba moja: Canon 200D, na 18-55 yake ya STM (aina ya mota ya fokasi ya Canon) pamoja na 50mm f/1.8 STM. Ya 2017, megapikseli 24, nyepesi, skrini inageuka na inaguswa kama simu, ina tundu la maiki. Ila sababu hasa ya kuiweka juu ni fokasi yake ukiwa unaangalia kwenye skrini, ina mfumo Canon wanauita Dual Pixel, unamgusa mtu usoni kwenye skrini inamshika na inamfuata, kwenye video pia. Kwa mtu aliyezoea simu hii inasaidia mno, siku ya kwanza tu unapiga vitu vinavyoeleweka. Betri ndo dogo, picha kama 650, ukumbini beba mbili. Na ukiona imeandikwa Kiss X9 au Rebel SL2 usishtuke wala usikubali kuambiwa ni toleo la juu, ni hiyohiyo 200D, Kiss ya Japani, Rebel ya Marekani. Ila zile za Japani fungua menyu kabisa uone lugha kabla hujatoa hela.

Hiyo 50mm nayo ina neno lake. Kwenye kamera hizi sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, kwa hiyo inaona kama 80mm, uso wa mtu unatoka mtamu na nyuma kunafifia vizuri, lakini kwenye sebule ya kawaida unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga kabati na bado familia haijaenea. Ndo maana 18-55 huiuzi. Ukipata nafasi baadaye kuna 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama chapati, ndani ya nyumba raha sana.

Namba mbili: Canon 700D na lenzi zilezile. Kama hela haifiki 200D, ishia hapa bila aibu. Ya 2013, megapikseli 18, skrini inageuka na inaguswa, maiki ipo, ukichungulia kwenye kitundu ina pointi 9 za fokasi na zote ni za msalaba (zinasoma wima na mlalo), kwa hiyo kwa picha za mnato inashika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu ni video, fokasi yake kwenye skrini inatafuta weee, inaenda inarudi, mteja wa video hawezi kukuelewa. Bado zimejaa mtaani, na betri zake LP-E8 ni zilezile za 600D, kuazima kwa mwenzio ni rahisi.

Namba tatu: Nikon D5300, au D3500 kama hutaki video. Nitukaneni lakini kwa picha yenyewe, hasa ukipiga RAW (faili ghafi la kuhariri baadaye) ukataka kuvuta giza lije juu, hizi Nikon zinazishinda Canon zote mbili hapo juu. D3500 betri inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, unaenda harusi na chaja unaiacha nyumbani. Mbona nimeiweka ya tatu? Lenzi. Bodi za Nikon zinazoanza na D3 na D5 zenye namba nne hazina mota ya fokasi ndani, zinategemea mota iwe kwenye lenzi. Sasa unaenda kununua 50mm, muuzaji anakutolea 50mm f/1.8D, bei tamu, inaingia kabisa kwenye kamera, tena picha inatoka. Ila fokasi utazungusha kwa mkono maisha yako yote. Igeuze uangalie kule nyuma kwenye chuma, ukiona kijiskurubu kidogo chenye mfereji kama wa bisibisi, hiyo inasubiri kuzungushwa na mota ya bodi ambayo we huna. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani, na ya kuanzia ni 35mm f/1.8G. D3500 haina tundu la maiki, nimekwambia.

Namba nne: Nikon D7100. Mota inayo, kadi mbili, imara. Nzito, vitufe vingi, mwanafunzi anapotea. Ukiipata kwa mtu unayemjua anauza kwa shida, chukua.

Kuna na ile 5D Mark II ya kutamanisha, "full frame bei ya kutupa", yaani yenye sensa kubwa. Ni kamera nzuri kweli, ya 2008. Ila lenzi za EF-S, ikiwemo 18-55, haziingii, kwa hiyo umenunua bodi na sasa unaanza kusaka lenzi upya. Angalia alama kwenye mdomo wa lenzi, kidoti chekundu ni EF inaingia kote, kiboksi cheupe ni EF-S ya sensa ndogo tu.

Ya kukimbia: Canon 4000D mpya kwenye boksi. Najua, boksi linanukia upya na muuzaji anakurushia begi na stendi juu. Lakini mdomo wa kushikia lenzi ni plastiki, skrini ndogo haigeuki, na pale juu panapokaa fleshi hamna ile pini ya katikati, kwa hiyo fleshi na triga (vya kuwashia fleshi kwa mbali) nyingi za Kichina za bei ya chini zitakaa pale kama pambo. Hata 250D, ambayo ni kamera nzuri, wameinyima hiyo pini, ukiwa na mpango wa kufungua studio kagua hilo kwanza. 700D iliyotumika na ikatunzwa inaiacha 4000D mpya mbali sana.

Na wale wa "DSLR zimepitwa na wakati, nunua zisizo na kioo", yaani mirrorless. Ni kweli kampuni zimehamia huko, na ndo sababu mitumba ya DSLR imekuwa ya kushikika. Lenzi zako za Canon EF kesho ukihamia huko zinaingia kwa adapta na fokasi inafanya kazi. Hujatupa hela.

Sasa unapoenda kukagua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Lenzi ishike, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja we chungulia upande mwingine, ukiinamisha taratibu. Vumbi kidogo si kesi. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, mara nyingi zinaanzia pembeni ya kioo. Hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wetu wa Dar, Tanga, Zanzibar mpaka Mombasa ipo nyingi, niliwahi kuingizwa mjini na 55-250 ya namna hiyo na jamaa akasema "ni alama ya kidole tu broo". Kidole gani kinaingia ndani ya kioo. Ukiiona rudisha, hata akipunguza nusu.

Bodi: weka f/16, piga ukuta mweupe, zumu uangalie madoa. Geuza skrini mara kumi, waya wake ndo unaanza kufa. Uliza idadi ya shata, yaani imeshapiga mara ngapi, kwa daraja hili zimepangiwa kama 100,000, Nikon namba hiyo inakaa ndani ya picha yenyewe, Canon inahitaji programu kwenye kompyuta, kwa hiyo nenda na laptop au nenda na anayejua.

Ukishanunua, weka kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye boksi za viatu, na silika ikichoka badilisha. Begi usilifanye makazi, linatunza unyevu. Na ule mkanda wa shingoni ulioandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa uvue, uuache nyumbani, tafuta mweusi usio na maandishi. Unapanda daladala na hicho kitu.