Fiba ya nyumbani Migosi: kasi naisifu, nguzo nailaumu

Nimekuwa mteja wa intaneti ya fiba hapa Migosi, Kisumu, kwa miezi kumi na minne. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa majirani wanaotumia kampuni nyingine hunisimulia mambo yaleyale.

Kazi ya kuunganisha ilinipendeza. Mafundi wawili walivuta kebo nyembamba nyeusi kutoka kwenye nguzo ya umeme iliyo mbele ya lango, kisha mmoja wao akaketi sakafuni sebuleni akaichuna hadi ukabaki uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Aliufuta kwa spiriti, akaukata, akauweka katika mashine ndogo inayoyeyusha ncha mbili za kioo zikawa kitu kimoja. Vipande vilivyobaki alivinasa kimoja kimoja kwa utepe wa gundi, akamwonya mwanangu asipite pale pekupeku.

Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Mchana nazipata karibu zote, na kwa mtu kama mimi, ninayetuma faili kubwa za sauti kila siku, heri kubwa ni kwamba kasi ya kupakia inalingana na ya kupakua. Saa mbili usiku hushuka hadi 11 au 12. Fundi alinieleza kwamba laini moja hugawanywa baina ya nyumba nyingi, jambo ambalo ni kweli, lakini halitoshi kuwa sababu: mfumo wa GPON, yaani wa kugawa uzi mmoja wa fiba kwa nyumba nyingi, unaotumiwa sana, hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa wateja, na hata nyumba 64 zikitumia megabiti 20 kwa pamoja, hazifikishi gigabiti 1.3. Nashuku msongamano uko mbele zaidi, katika njia ya kutoka Kisumu.

Hata hivyo, kasi si malalamiko yangu. Wakati wa mvua za Aprili lori lililobeba mchanga lilikata kebo, taa nyekundu ikawaka kwenye kifaa cha intaneti sebuleni, nasi tukakaa siku tano bila mtandao. Kila nilipopiga simu niliambiwa kwa adabu kubwa kwamba fundi yuko njiani. Alipofika, alitumia karibu saa nzima juu ya ngazi akitafuta kebo yake, kwa maana nguzo ile moja imebeba kebo za kampuni nne, pamoja na nyingine zilizokufa ambazo hakuna aliyejisumbua kuziondoa.

Hapo ndipo ninapouona uwekezaji uliokwenda kombo. Gharama kubwa ya fiba ni kuifikisha mtaani, nayo hurudi iwapo tu nyumba nyingi kati ya zilizopitiwa zitajiunga. Kampuni nne zikigawana wateja wa mtaa mmoja, kila moja hubaki na wachache, na pesa ya kuajiri mafundi wa kutosha haipatikani. Ulaya nayo imeonja hali hiyo: nchini Uingereza kampuni kadhaa zimepitisha fiba katika mitaa ileile, na baadhi yake sasa zimelemewa na madeni. Uhispania, kwa upande wake, mdhibiti wa mawasiliano aliilazimisha Telefónica, kampuni kubwa ya simu ya huko, iwakodishie washindani wake mifereji ya chini ya ardhi ya kupitishia kebo, na nchi hiyo ni miongoni mwa zilizoenea fiba zaidi barani humo. Umoja wa Ulaya, unaolenga kuzifikishia kaya zote mtandao wa kasi ya gigabiti ifikapo 2030, ulipitisha mwaka 2024 sheria inayohimiza kugawana mifereji na nguzo. Kwetu nguzo tunagawana, ila kila mmoja huning'iniza chake.

Pamoja na hayo sijahama, kwa sababu kuhamia kampuni nyingine ni kuhamia kebo nyingine kwenye nguzo ileile. Nimebaki na kifurushi cha megabiti 20 na kukataa kile cha 40 nilichoshawishiwa kununua, nami huweka bando kwenye simu kwa ajili ya siku za taa nyekundu. Anayetaka kujiunga aulize kwanza kampuni ina mafundi wangapi Kisumu. Mimi niliuliza baada ya Aprili, nikajibiwa wawili. Jumanne iliyopita vijana wa kampuni ya tano walikuwa juu ya nguzo yetu, wakifunga kebo mpya juu ya zile zilizokufa.