Koh-i-Noor na Darya-i-Noor: moja inagombewa, nyingine imetulia
Almasi zote mbili ni za India, na Nadir Shah, mfalme wa Uajemi (Iran ya leo), alizibeba kutoka Delhi mwaka 1739. Darya-i-Noor, ya waridi hafifu, karati 182 hivi, ipo Tehran. Ubavuni imechongwa jina la Fath-Ali Shah, mfalme wa Iran wa baadaye. Ngawira tupu, lakini ni nadra kusikia ikidaiwa.

Koh-i-Noor ina hati, na hati ndiyo kesi yenyewe. Mkataba wa Lahore wa 1849, Waingereza walipoitwaa Punjab, ulitaka ikabidhiwe malkia wa Uingereza. Mtoaji, Maharaja Duleep Singh, mfalme wa Punjab, alikuwa na miaka 10, katenganishwa na mama yake. Mwaka 1852 ikakatwa upya London, ikabaki karati 105.6. India na Pakistan zote zinaidai. Mwaka 2016 mwanasheria wa serikali ya India aliiambia Mahakama ya Juu kwamba haikuibwa. Muda si muda, serikali ikageuza kauli.